Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Uteuzi wa Vituo vya Safari ya Chakula na Utalii katika Miji ya Marekani

UTANGULIZI

Wahenga walituusia tusisafirie nyota ya wenzetu. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mtu anayeiga maisha ya jirani yake, lakini inamfaa vilevile msafiri halisi, yule aliyefunga mkoba na kushika tikiti mkononi. Makala haya yanamlenga msafiri huyo. Kwa miaka mingi sasa walimu na wahitimu wa Kiswahili kutoka vyuo vyetu wamekuwa wakienda Marekani, wengine kufundisha lugha yetu kama walimu wasaidizi chini ya mpango wa Fulbright, wengine kusomea shahada za uzamili na uzamifu, na wengine kuhudhuria makongamano. Likizo inapofika, mtu hujikuta ana siku kumi hivi, posho isiyokuwa kubwa, na nchi pana mbele yake. Aende wapi? Ale nini? Atazame nini?

Jibu linalomjia kwanza huwa ni orodha ya majina makubwa: New York, Washington, Las Vegas, Los Angeles. Orodha hii si yake. Ameirithi kutoka kwa filamu, kalenda na simulizi za waliomtangulia. Akiifuata, atatumia sehemu kubwa ya likizo katika viwanja vya ndege, atakula mkate uleule wa nyama ya kusaga katika miji yote minne, na atarudi na picha nyingi asizoweza kuzieleza. Hilo si kosa la miji hiyo. Ni kosa la namna ilivyoteuliwa.

Makala haya yananuia kueleza vigezo vinavyoweza kumwongoza msafiri katika kuteua vituo, kisha kuvitumia vigezo hivyo katika mfano mmoja kamili: njia ya reli kutoka New Orleans hadi Chicago kupitia Memphis. Hoja yetu ni kwamba vituo vya safari njema huteuliwa na swali alilo nalo msafiri, wala si na sifa ya mji.

UPANA WA NCHI NA UFINYU WA MUDA

Ni vyema kuanza na umbali, kwa kuwa ndio unaowaponza wengi. Kutoka New York hadi Los Angeles ni karibu kilomita 4,000 kwa ndege. Umbali huo ni takriban mara nane ya safari ya barabara kutoka Nairobi hadi Mombasa. Anayesema kwamba ataitembelea miji hiyo miwili katika likizo moja, na katikati aitazame mingine mitatu, anafanana na mtu anayetaka kula chamcha Mombasa na chajio Kinshasa.

Jambo la pili ni kwamba kila kituo kina gharama isiyoonekana katika bei ya nauli. Siku ya kuhama huwa nusu siku iliyopotea: kufunga mizigo, kwenda stesheni au uwanjani, kusubiri, kufika, kutafuta malazi. Msafiri mwenye siku kumi akiteua vituo sita, siku tatu hivi zimekwisha kabla hajaonja chochote. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya uteuzi ni kanuni ya kuacha. Mshika mbili, moja humponyoka. Sembuse mshika sita.

VIGEZO VINNE VYA UTEUZI

Kigezo cha kwanza ni uzi. Msafiri ajiulize ni swali gani moja angependa lijibiwe na safari nzima. Mmoja atauliza jinsi Wameksiko walivyobadilisha chakula cha kusini-magharibi mwa nchi hiyo. Mwingine atauliza ni nini kilichosalia cha vyakula vya Wataliano na Wayahudi waliohamia miji ya mashariki. Sisi, kama wanafunzi wa lugha ya Kibantu, tumeteua swali hili: chakula cha Waafrika waliopelekwa Marekani utumwani kilisafiri vipi, na kinapatikana wapi leo? Swali likishapatikana, miji hujichuja yenyewe.

Kigezo cha pili ni njia. Vituo vizuri hukaa kwenye mstari mmoja, kiasi kwamba kila hatua inamsogeza msafiri mbele bila kumrudisha nyuma. Mstari huo ukiwa ni ule uliopitiwa na watu wenyewe tunaowauliza habari zao, safari huwa na maana maradufu.

Kigezo cha tatu ni mizizi ya chakula. Kuna vyakula vinavyopatikana kila mahali Marekani, na kuna vile ambavyo ukiving'oa katika mji wake hupoteza ladha na historia. Kituo kinastahili kuteuliwa ikiwa kina angalau chakula kimoja cha aina hii ya pili.

Kigezo cha nne ni uwezo wa msafiri mwenyewe: mfuko wake, mwili wake, imani yake na majira ya mwaka. Kituo kinachohitaji gari si kituo cha asiyeendesha. Mji unaosifika kwa nyama ya nguruwe unahitaji mpango maalum kwa Mwislamu. Tutakirejelea kigezo hiki mwishoni.

SAFARI ILIYOTUTANGULIA

Kabla ya kuteua vituo vyetu, yafaa kuwakumbuka wasafiri ambao kwao uteuzi wa vituo ulikuwa suala la uhai. Kati ya mwaka wa 1910 na 1970 hivi, Wamarekani Weusi wapatao milioni 6 walihama majimbo ya kusini kwenda kaskazini na magharibi. Walikimbia ubaguzi wa rangi, mauaji ya umma na ukulima wa pamba uliowaacha na madeni kila mwaka. Wanahistoria huuita mwendo huo Uhamaji Mkuu. Waliotoka Louisiana, Mississippi na magharibi mwa Tennessee, wengi walipanda garimoshi la kampuni ya Illinois Central lililowapeleka moja kwa moja hadi Chicago.

Watu hawa hawakuweza kula popote walipotaka. Katika majimbo ya kusini walitengwa mabehewani, na katika mabehewa ya chakula ama walikataliwa ama waliketishwa nyuma ya pazia. Kwa hiyo akina mama waliwafungia wasafiri chakula katika maboksi ya viatu: kuku wa kukaanga, mayai ya kuchemsha, mkate na kipande cha keki. Hicho ndicho chakula kilichoweza kustahimili safari ya usiku kucha bila kuharibika. Msomaji aliyewahi kufungiwa kuku na nyanyake kabla ya kupanda basi la kurudi chuoni hatahitaji maelezo zaidi.

Waliosafiri kwa gari nao walikuwa na mwongozo wao. Mwaka wa 1936, Victor Hugo Green, tarishi wa posta aliyeishi Harlem, New York, alianza kuchapisha kitabu kidogo kilichojulikana kama The Negro Motorist Green Book. Kiliorodhesha hoteli, mikahawa, vinyozi na vituo vya petroli ambako mtu Mweusi angehudumiwa bila kutukanwa au kupigwa. Kitabu hicho kiliendelea kutolewa hadi toleo la 1966–67, muda mfupi baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kupiga marufuku ubaguzi katika mikahawa na hoteli. Hapa methali yetu inahitaji kufafanuliwa. Wasafiri hao walisafiria nyota ya wenzao na wakaokoka, kwa sababu wenzao hao walikuwa katika safari ileile na walikabiliwa na hatari ileile. Nyota inayopotosha ni ile ya mtu ambaye safari yake si yako.

Basi njia tunayoiteua ni hiyo ya Illinois Central. Leo garimoshi la abiria la kampuni ya Amtrak, liitwalo City of New Orleans, hupita kati ya New Orleans na Chicago, mwendo wa takriban kilomita 1,500 unaochukua karibu saa 20. Likielekea kaskazini huondoka New Orleans mchana, hufika Memphis usiku, na huingia Chicago asubuhi ya siku ya pili. Tunapendekeza mwelekeo huu wa kaskazini, kwa kuwa ndio uliofuatwa na chakula chenyewe.

KITUO CHA KWANZA: NEW ORLEANS

Mji wa New Orleans uliasisiwa na Wafaransa mwaka wa 1718, ukatawaliwa na Wahispania, kisha ukanunuliwa na Marekani pamoja na eneo zima la Louisiana mwaka wa 1803. Ulikuwa pia soko kubwa la watumwa. Chakula chake kimezaliwa na mkutano huo wa Waafrika, Wafaransa, Wahispania na wenyeji asilia wa bara hilo.

Chakula cha kwanza kuonjwa ni gumbo, mchuzi mzito wa kamba, kaa, kuku au soseji unaoliwa kwa wali. Hapa mwanafunzi wa isimu atasimamisha kijiko. Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na neno la Kibantu la Angola lenye maana ya bamia, kama vile ochinggombo la Kiumbundu na kingombo la Kimbundu. Wapo wanaolihusisha na neno la Wachoctaw linalotaja unga wa majani ya sasafrasi, ambao pia hutiwa katika mchuzi huo ili uwe mzito. Hata hivyo, ushahidi wa asili ya Kibantu una nguvu, kwa kuwa Kihispania cha Puerto Rico huiita bamia quingombó, na cha Kuba huiita quimbombó. Msomaji ataona kwamba visiwa hivyo vimehifadhi hata kiambishi cha ngeli, ki-, ambacho Kifaransa cha Louisiana kilikiangusha. Ajabu ni kwamba sisi tulio Wabantu mboga hiyo tunaiita bamia, neno tulilolipokea kutoka kwa Waarabu, ilhali Wamarekani wa Louisiana wameiita kwa Kibantu kwa zaidi ya karne mbili. Vivyo hivyo, neno goober linalotumiwa kusini mwa Marekani kwa maana ya njugu karanga lina asili moja na nguba la lugha za Kongo na Angola. Kwa mwanaisimu, kijiko hicho kimoja cha gumbo kinatosha kuhalalisha nauli.

Mahali pa kuila ni mtaa wa Tremé, katika mkahawa wa Dooky Chase's, ulioanzishwa mwaka wa 1941. Mpishi wake mashuhuri, Leah Chase, aliyefariki mwaka wa 2019, aliwalisha wanaharakati wa haki za kiraia waliokutana katika chumba cha juu, Weusi kwa Weupe, wakati ambapo sheria ya jimbo iliwakataza kula pamoja. Tarehe 29 Agosti 2005 tufani ya Katrina iliipiga pwani hiyo, kingo za kuzuilia maji zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. Mkahawa huo nao ulifurika, na ulifunguliwa tena mwaka wa 2007.

Karibu na hapo pana Congo Square, uwanja uliomo ndani ya Bustani ya Louis Armstrong. Amri ya mji ya mwaka wa 1817 iliwaruhusu watumwa kukusanyika siku ya Jumapili tu na mahali pamoja tu. Uwanja huu ndio uliokuwa mahali hapo. Walipiga ngoma, wakacheza, na wakauziana vyakula. Wanahistoria wa muziki huutaja kuwa miongoni mwa chemchemi za jazi. Uwanja wenyewe ni mtulivu na hauna kiingilio. Atakayeufikia bila kujua historia yake ataupita akidhani ni bustani ya kawaida.

Isitoshe, msafiri ajaribu jambalaya, wali unaopikwa pamoja na nyama na viungo katika sufuria moja, ambao Mswahili yeyote atautambua kuwa ni jamaa wa pilau. Siku ya Jumatatu, nyumba na mikahawa mingi hupika wali na maharagwe mekundu. Desturi hii ilitokana na Jumatatu kuwa siku ya kufua: maharagwe yaliachwa jikoni yachemke polepole huku nguo zikisuguliwa. Kwa staftahi, mkahawa wa Café du Monde, uliopo tangu 1862, huuza beignet, mfano wa mahamri yaliyonyunyiziwa sukari laini, pamoja na kahawa iliyochanganywa na mzizi wa chikori. Tramu ya barabara ya St. Charles, njia iliyoanza mwaka wa 1835, humwonyesha msafiri nusu ya mji kwa nauli ndogo.

Suala la mashamba ya watumwa lataka uangalifu. Kando ya mto Mississippi yapo majumba mengi ya kifahari yanayotembelewa na watalii, na katika baadhi yake nguzo na samani husifiwa kuliko watu waliozigharamia kwa jasho lao. Anayeteua shamba moja tu na aende Whitney, umbali wa saa moja hivi kutoka mjini. Shamba hili lilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2014 likiwa makumbusho yanayosimulia maisha ya watumwa wenyewe.

New Orleans inastahili usiku 4.

KITUO CHA PILI: MEMPHIS

Garimoshi hufika Memphis usiku, na stesheni yake imo katikati ya mji. Si mbali na hapo, kwa miguu, ipo Lorraine Motel, iliyokuwa miongoni mwa nyumba za wageni zilizotajwa katika kitabu cha Green. Tarehe 4 Aprili 1968, Martin Luther King Jr. alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya chumba nambari 306. Alikuwa amekuja kuwaunga mkono wazoataka Weusi wa mji huo, ambao waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa lori la taka. Tangu mwaka wa 1991 jengo hilo ni Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia. Msafiri ayatengee angalau nusu siku, wala asiyapange pamoja na jambo jingine asubuhi hiyo. Atakayetoka humo hatakuwa na hamu ya kukimbilia kivutio kingine.

Kwa upande wa chakula, Memphis ni mji wa nyama ya moshi. Yafaa Mkenya aelewe tofauti iliyopo kati yake na nyama choma. Nyama choma huiva juu ya makaa, kwa chumvi, na mlaji huisubiri pale pale. Nyama ya Memphis haiguswi na ndimi za moto. Huwekwa katika tanuri na kuivishwa polepole kwa moshi wa kuni kwa saa nyingi, hadi itengane na mfupa kwa kidole. Mbavu hupakwa viungo vikavu au huogeshwa kwa mchuzi mtamu wenye siki. Mkahawa wa Charlie Vergos' Rendezvous, ulioanza mwaka wa 1948, ndio uliozipa sifa zile za viungo vikavu. Nyama inayotumika kwa wingi ni ya nguruwe.

Asiyekula nguruwe, au anayefuata uzi wetu kwa makini, ataufurahia zaidi mkahawa wa The Four Way, ulioanzishwa mwaka wa 1946 na ambao King mwenyewe alipata kula humo. Mezani atakuta kambare wa kukaanga kwa unga wa mahindi, kunde, mkate wa mahindi, na mboga za majani ziitwazo collard. Mboga hizo ni sukuma wiki yetu. Kunde nazo zina asili ya Afrika, na zilivuka bahari katika majahazi yaleyale yaliyowabeba watumwa. Kwa hivyo, Mkenya aliyesafiri maelfu ya kilomita ili ale chakula kigeni atajikuta ameketi mbele ya sahani ya kwao, iliyopikwa na ndugu waliotenganishwa naye kwa muda mrefu. Tahadhari moja tu: kusini mwa Marekani sukuma wiki huchemshwa kwa muda mrefu pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Mwislamu asidhani kuwa mboga ni mboga, aulize kwanza.

Jioni, msafiri atembee mtaa wa Beale, uliolea muziki wa bluzi, au asimame juu ya ukingo autazame mto Mississippi jua likizama upande wa Arkansas. Memphis inatosha kwa usiku 2.

KITUO CHA TATU: CHICAGO

Garimoshi linaloondoka Memphis usiku humwokolea msafiri gharama ya malazi ya usiku mmoja, na asubuhi humshusha Chicago, kama lilivyowashusha waliohama. Mwaka wa 1910 watu Weusi wa Chicago walikuwa takriban 44,000. Kufikia 1970 walikuwa zaidi ya milioni 1. Hapa uzi wetu unafika mwisho wake. Kuku aliyesafiri ndani ya boksi la kiatu sasa anauzwa dukani: Harold's Chicken Shack, iliyoanza mwaka wa 1950 upande wa kusini mwa mji, huwauzia wajukuu wa wahamiaji kuku wa kukaanga juu ya viazi na mkate mweupe. Nyama ya moshi nayo ilibadilika ilipofika mjini. Tanuri za matofali za mashambani zikawa masanduku ya vioo na chuma, na vipande vya ncha za mbavu, vilivyokuwa rahisi kwa bei, vikawa chakula cha fahari.

Mahali pa kutembelea ni mtaa wa Bronzeville, walikokaa wahamiaji, na Pullman, kitongoji cha kiwanda cha mabehewa ya kulala. Wahudumu Weusi wa mabehewa hayo ndio waliobeba magazeti ya Chicago Defender, lililoanzishwa mwaka wa 1905, na kuyasambaza kusini, yakawaita watu kaskazini. Wahudumu hao waliunda chama chao cha wafanyakazi mwaka wa 1925 wakiongozwa na A. Philip Randolph. Leo Pullman ni hifadhi ya taifa ya historia.

Hata hivyo, si lazima uzi uwe kamba ya kumfunga msafiri. Chicago ina mengine. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na ujenzi uliofuata ulizaa majengo marefu ya kwanza ya fremu za chuma. Safari ya mashua mtoni humwonyesha mgeni historia hiyo yote kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Garimoshi la mjini, linalopita juu ya barabara tangu 1892, nalo ni kivutio kwa bei ya nauli tu. Kuhusu chakula, pana piza nene yenye kina, iliyoanzia katika mkahawa wa Pizzeria Uno mwaka wa 1943, na soseji ya ng'ombe ndani ya mkate, yenye haradali, vitunguu, tango la siki na nyanya. Wenyeji huona aibu mtu akiitia sosi ya nyanya. Katika mtaa wa Devon kuna mikahawa mingi ya Wahindi na Wapakistani, na humo Mwislamu atapata nyama halali bila shida. Mkenya naye atakumbuka kwamba ni katika mji huu ambapo Barack Obama alianzia safari ya kisiasa, alipochaguliwa katika Seneti ya jimbo la Illinois mwaka wa 1996.

Chicago inastahili usiku 3. Jumla ya safari yetu, basi, ni usiku 9 wa malazi na usiku 1 garini, yaani siku 11.

VITUO TULIVYOVIACHA

Uteuzi hupimwa pia kwa yale yaliyoachwa. Tumeuacha mji wa Charleston, South Carolina, ingawa una uzi uleule: mashamba ya mpunga ya huko yalitegemea ujuzi wa Waafrika wa magharibi, na Wagullah wa pwani hiyo wangali na lugha na mapishi yao. Tumeuacha kwa sababu hauko njiani. Ni safari nyingine, na inastahili kufanywa peke yake. Tumeziacha pia tamale za bonde la Mississippi, vyakula vya unga wa mahindi vilivyofungwa katika maganda. Garimoshi husimama Greenwood, lakini kuyazungukia maeneo hayo bila gari ni taabu.

Mwenye swali tofauti atapata vituo tofauti. Anayewafuata Wameksiko anaweza kupanda garimoshi la Sunset Limited, linalosafiri mara tatu kwa juma kati ya New Orleans na Los Angeles, akateremka San Antonio na Tucson, miji iliyotambuliwa na UNESCO kwa mapishi yake. Anayewafuata wahamiaji wa Ulaya atatosheka na reli ya mashariki, kutoka Boston hadi Washington kupitia New York na Philadelphia. Kwa huyo, New York ni kituo cha haki, kwa kuwa swali lake ndilo lililomfikisha hapo.

MFUKO, TUMBO NA IMANI

Msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, mwanafunzi je? Yapo mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, bei iliyoandikwa katika orodha ya vyakula si bei atakayolipa. Huongezwa ushuru wa mauzo, na mhudumu wa meza hutarajia bahashishi ya kati ya asilimia 15 na 20. Hiyo si hisani bali ni sehemu kubwa ya pato lake. Pili, sahani za Marekani ni kubwa. Wawili wanaweza kushiriki moja, au mmoja akafungiwa masazo akayala jioni. Tatu, msafiri apange mlo mmoja wa maana kwa siku, kisha milo mingine aitoe sokoni. Nne, abebe chakula garini, kwa kuwa kile cha behewa la mkahawa ni haba na ghali.

Kuhusu imani, maswali mawili hutosha: je, ndani mna nyama ya nguruwe, na je, mmekaangia mafuta ya nguruwe? Katika gumbo, soseji huwa ya nguruwe mara nyingi. Maharagwe mekundu vilevile. Kuhusu majira, kipindi cha tufani ni kuanzia Juni hadi Novemba, joto la New Orleans katika Julai na Agosti huwatesa hata wenyeji, na baridi ya Chicago katika Januari si ya mtu aliyezoea Limuru. Miezi ya Aprili na Mei inafaa miji yote mitatu.

HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uteuzi wa vituo si hesabu ya majina bali ni kazi ya fikra. Msafiri aanze na swali, atafute njia inayolibeba, ateue vyakula vyenye mizizi, kisha apime uwezo wake. Akifanya hivyo, miji mitatu itamfunza zaidi ya kumi. Kwetu sisi tunaosomea Kiswahili, safari ya New Orleans hadi Chicago ina faida ya ziada: inatuonyesha kwamba lugha na vyakula vya Waafrika havikufia baharini, bali vilibadili jina, vikapanda garimoshi, vikapata makao mapya. Anayejiandaa kwenda na aandike swali lake katika karatasi moja kabla ya kununua tikiti. Na yule ambaye bado hajapata nafasi ya kwenda, akapike bamia jioni ya leo, akikumbuka kwamba ng'ambo ya Atlantiki wapo wanaoiita kwa neno la Kibantu.